Mchongoko Safi

Holda haiingii kwenye spindeli kabla haijapita mkononi mwa fundi. Anaishika kwa mkono wa kushoto, kola yake ikiwa kiganjani, na kidole gumba cha kulia kinapanda taratibu juu ya mchongoko, kutoka upande mnene hadi upande mwembamba. Anaizungusha kidogo, kidole kinapanda tena, mpaka mchongoko mzima umeguswa. Macho yake wakati huo hayako kwenye holda. Yametulia mlangoni, kwa sababu kazi hii ni ya ngozi. Mahali fulani karibu na kola kidole kinasimama, kinarudi nyuma, kinapita tena. Anamkabidhi kijana wake holda bila kumwonyesha mahali. Kijana naye anapapasa, anapita, anarudi, kisha anasema, "Hapa, mzee." Ni ukingo mdogo uliosimama, labda pale holda ilipogongana na jiliwa. Kwa macho hauonekani.

Karakana iko Gerezani, Dar es Salaam, katikati ya wauza vyuma na wachomeleaji. Ndani mna mashine mbili za milingi. Moja ni ya mkono, ya kichwa kinachogeuka, ya muundo uliotoka Bridgeport, Connecticut, mwaka 1938, kwa Rudolph Bannow na Magnus Wahlstrom, na ambao umeigwa karibu kila nchi yenye karakana. Nyingine inaendeshwa kwa kompyuta na ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Wateja huleta shafti za pampu zichongwe njia za ufunguo, gia za mashine za kukamua alizeti, flanji, na mara mojamoja kalibu za plastiki. Mimi nilikwenda kutazama jambo dogo lililo nyuma ya kazi zote hizo: namna fundi huyu anavyozuia holda zake zisinase kwenye spindeli.

Asiyewahi kusimama mbele ya mashine ya milingi anahitaji kwanza kujua kinachoshikana na nini. Kisu kinachokata chuma kinashikwa na holda. Holda yenyewe, upande wake wa juu, kuanzia kwenye kola, yaani ile pete pana inayoizunguka, imechongwa ikawa mchongoko, na spindeli, ambayo ndiyo shafti inayozunguka, ina tundu la mchongoko uleule. Ndani ya spindeli kuna fimbo ya kuvutia. Inaivuta holda juu mpaka michongoko miwili ibanane, chuma kwa chuma, bila nafasi hata ya karatasi. Kisu kinapokata, mbano huo ndio unaokizuia kisiyumbe. Kazi ikiisha, fimbo inaachia, na holda inatakiwa ishuke mara moja. Basi chuma kilekile kinaombwa mambo mawili yanayopingana: kishike kwa nguvu zote, halafu kiachie bila ubishi.

Jibu la mgongano huo liko kwenye pembe. Mpasua kuni anaijua habari hii bila hesabu: kabari nyembamba ukiigonga inabaki ndani ya gogo, na kabari nene mno inaruka na kukutoka. Kati ya hizo mbili kuna unene ambapo kabari iko njia panda, inasita kati ya kukaa na kutoka. Mchongoko wa Morse, unaoitwa kwa jina la Stephen Morse, Mmarekani aliyepata hataza ya keekee ya kusokota mwaka 1863, ni kabari nyembamba. Kipenyo chake kinapungua kiasi cha milimita 1 kwa kila milimita 20 za urefu. Huo unanasa kwa makusudi. Ndiyo maana mashine ya kutobolea ina tundu ubavuni mwa spindeli, la kupitishia kabari ya chuma na kuisukuma keekee itoke. Mashine za zamani za milingi nazo zilitumia michongoko myembamba. Brown & Sharpe wa Providence walikuwa na wao, wa nusu inchi kwa kila futi, na kuutoa kulitaka kugonga kichwa cha fimbo kwa nguvu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 watengenezaji wa mashine za milingi wa Marekani walikubaliana juu ya mchongoko mnene zaidi: kwa kila milimita 24 za urefu, kipenyo kinapungua milimita 7. Huo ndio ulioenea, na ndio ulio kwenye mashine ya kompyuta pale Gerezani, katika ukubwa ambao Wajapani waliupa jina la BT40. Kwa kuwa mchongoko mnene hauwezi kuzungusha kisu kwa mbano peke yake, mdomo wa spindeli uliwekewa meno mawili yanayoingia kwenye mapengo ya kola ya holda. Kuzungusha kukawa kazi ya meno, na mchongoko ukabaki na kazi ya kuweka katikati. Kwenye karatasi, mchongoko huu unaachia wenyewe.

Fundi aliniandikia hesabu yake kwa chaki juu ya meza. Mteremko wa upande mmoja wa mchongoko huo ni 7 kwa 48, yaani 0.1458. Ili holda iachie yenyewe, msuguano kati ya chuma na chuma lazima uwe mdogo kuliko namba hiyo. Chuma kilichopakwa mafuta kidogo kiko chini yake. Chuma kikavu, au chenye vumbi la kutu, kinaweza kuifikia na kuipita. Alichora mstari chini ya ile namba, kisha mstari mwingine juu yake, karibu sana. "Nafasi yetu ndiyo hii," alisema. Mashine ya mkono nayo haiko mbali na hapo. Mchongoko wake, unaoitwa R8, una pembe ya digrii 16 na dakika 51, na ya ule mwingine ni digrii 16 na dakika 36 hivi. Yote miwili imechongwa ukingoni kabisa mwa kunasa. Wabunifu waliisogeza mpaka hapo kwa makusudi, ili kushika na kuachia vipatikane kwa pamoja. Kilichobaki waliwaachia watu kama fundi huyu, na tambara lake.

Nianze na tambara, kwa sababu naye huanzia hapo. Liko kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, mbali na matambara mengine ya karakana. Ni shuka kuukuu la pamba, lililofuliwa mara nyingi hata likaacha kutoa nyuzi. Tambara la kawaida la karakana lina chenga za chuma ndani ya nyuzi zake, na kufutia mchongoko tambara la namna hiyo ni kupanda mikwaruzo. Fundi anakata kipande, anakikunja mara nne, anafuta mchongoko wa holda kwa mwendo mmoja kuelekea upande mwembamba, anafunua ukunjo mpya, anafuta tena. Hafuti mara mbili kwa upande uleule wa kitambaa. Ukunjo wa kwanza unatoka na weusi, wa pili na rangi ya chai hafifu, wa tatu ukiwa mweupe. Anauangalia ule wa tatu dirishani.

Spindeli ni ngumu zaidi, maana iko juu na tundu lake linatazama chini. Watu wengi huelekeza bomba la kompresa mle ndani na kupuliza. Yeye hapulizi kutoka chini, kwa sababu upepo huo unabeba chenga na maji ya kupoozea na kuvipeleka juu, kwenye vidole vya chuma vinavyoshika kichwa cha holda na kuelekea kwenye beringi. Ana kijiti alichokichonga kwa mbao kwa umbo la mchongoko, kikavishwa vipande vya ngozi laini kwa urefu. Anakivisha kitambaa safi juu yake, anakisukuma ndani ya tundu mpaka kibane, anakizungusha upande mmoja tu, anakitoa. Anakagua kitambaa. Chenga moja ya chuma iliyobaki kati ya michongoko miwili inafanya madhara ya aina mbili: inainamisha kisu kwa kiasi kidogo kinachoonekana kwenye kazi, na inachimba shimo kwenye uso wa spindeli, ukingo wa shimo hilo ukasimama, nao ukaanza kuzing'ang'ania holda zote zitakazofuata.

Ule ukingo walioupapasa asubuhi aliutibu kwa jiwe dogo la kunolea, laini, lililolowa mafuta. Aliliweka bapa juu ya mchongoko, pale tu ukingo ulipo, akalisogeza kwa uzito wa jiwe lenyewe. Hakubonyeza. Msasa haugusi holda zake kabisa, na nilipoiona sura yake kijana alipokuwa akitaja msasa, nilielewa kuwa neno hilo limeshaleta mjadala humu siku za nyuma. Msasa unakula penye ukingo na pasipo na ukingo, na mchongoko uliopoteza umbo hautashika hata ukiwa safi namna gani. Jiwe bapa linagusa kilichosimama peke yake. Lilipoacha kutoa sauti ya kukwaruza, fundi aliacha.

Baada ya usafi yanakuja mafuta, na hapa ndipo mikono mingi hukosea kwa ukarimu. Anadondosha tone moja la oili nyembamba ya mashine kwenye kitambaa, analisambaza kwa kukunja na kusugua kitambaa chenyewe, kisha anapitisha kwenye mchongoko. Halafu anachukua kitambaa kikavu na kuyafuta mafuta yaleyale aliyoyapaka. Kijana wake, aliyetoka chuo cha VETA cha Chang'ombe, aliniambia kuwa wiki za mwanzo hakuona maana ya kupaka kitu na kukifuta papo hapo. Kinachobaki baada ya kufuta ni utando usioonekana, na unatosha: unaushusha msuguano chini ya ile 0.1458, na unazuia unyevu wa pwani usiguse chuma. Mafuta yakizidi, holda haikai vizuri mahali pake, na chenga zinapata pa kushikilia. Grisi ndiyo mbaya zaidi. Nilijaribu kuona tofauti kati ya holda iliyopakwa na kufutwa na ile isiyopakwa kabisa, sikuiona. Fundi alizipitisha zote mbili mgongoni mwa kiganja chake, akanipa iliyopakwa.

Mara mojamoja, hasa holda mpya inapoingia karakana, anaipima kwa rangi ya bluu. Rangi hii inakuja kwenye kitubu kama cha dawa ya meno, haikauki, na ukiishika inakukaa vidoleni mpaka kesho. Anatia kidogo sana, anaisambaza kwa kidole mpaka chuma kionekane chini yake, kisha anaipandisha holda kwenye spindeli kavu, safi, anaibana na kuiachia bila kuizungusha. Inapotoka, bluu imehama mahali pote palipogusana. Mchongoko mzuri unaonyesha mguso kwenye sehemu kubwa ya uso wake, asilimia 80 na kuendelea, na mguso uwe mzito zaidi kwenye upande mnene, karibu na kola, ambako nguvu ya kukata inaegemea. Bluu ikionekana kwenye upande mwembamba peke yake, holda inashikiliwa kwa mkia. Itayumba inapokata, na itanasa. Fundi anaigeuzageuza kwenye mwanga, anasoma madoa kwa utulivu wa mtu asomaye barua ndefu, na hasemi lolote mpaka ameimaliza.

Madoa ya mkiani mara nyingi yana mkosaji mmoja. Juu ya holda ya mashine ya kompyuta kuna kichwa cha kuvutia, kipande kidogo kinachofungwa kwa hesi, ambacho vidole vya spindeli hukikamata. Hesi zake zinaingia ndani ya ule upande mwembamba, ambako ukuta wa chuma si mnene. Mtu akikikaza kwa spana ndefu na mwili wake wote, ukuta unavimba. Uvimbe ni wa maikroni chache, yaani sehemu chache za elfu ya milimita, lakini mchongoko unaokutana na mwenzake bila nafasi hauwezi kuficha maikroni chache. Kwa hiyo fundi ana spana ya kipimo, na kipimo anachokifuata ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa kichwa. Anasafisha hesi kwa mafuta ya taa, anatia grisi kidogo sana kwenye hesi tu, anakaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha spana ya kipimo, taratibu, mpaka isikike mlio wake mmoja. Akishausikia haongezi.

Nguvu inayoivuta holda juu inatoka kwenye springi za visahani zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya spindeli. Kwenye mashine ya ukubwa huu nguvu hiyo inakaribia uzito wa tani moja. Mtu angedhani kwamba kadiri springi zinavyokuwa dhaifu ndivyo holda itakavyotoka kwa urahisi, lakini mambo yako kinyume. Springi zikichoka, holda inapata nafasi ya kutetemeka ndani ya tundu, mtetemo mdogo usioonekana, na michongoko miwili inasagana. Unga unaotokana na kusagana huko ni mwekundu wa kahawia. Ni kutu iliyozaliwa bila maji, na inakaa palepale ikiongeza msuguano. Fundi akiona unga huo kwenye tambara anaacha kazi, kwa sababu kuufuta hakutoshi. Anatafuta kwanza ulikotoka: springi, kichwa kilicholegea, au mkato uliokuwa mzito kupita uwezo wa holda.

Jambo la joto ndilo nililolisikiliza kwa makini kuliko yote, maana ndilo linalowanasa hata wasafi. Spindeli iliyofanya kazi tangu asubuhi ina joto. Tuseme imeizidi holda ya rafuni kwa digrii 20. Mdomo wa spindeli ya BT40 una kipenyo cha milimita 44.45, na chuma kinapanuka kwa maikroni 12 hivi kwa kila mita kwa kila digrii. Kwa hiyo mdomo umefunguka maikroni 10 na ushei. Holda baridi inapoingia, springi zinaivuta ndani zaidi kuliko kawaida, maikroni 36 hivi kwa urefu, kwa sababu ya mteremko wa mchongoko. Kisha holda inapata joto mle ndani, inanenepa, na haina tena pa kunenepea. Kasi kubwa ya mzunguko inaleta jambo la aina hiyohiyo: mdomo unafunguka kwa kuzunguka, springi zinavuta, na mashine inaposimama mdomo unarudi na kuibana holda. Ndiyo sababu mashine nyingine za kisasa zina holda ambayo kola yake nayo inagusa uso wa spindeli, ili isiweze kuvutwa zaidi ya hapo. Wajerumani kwa upande wao walibuni mchongoko mtupu ndani, unaoitwa HSK, ambao nao hukaa kwa kola.

Karakana ya Gerezani haina hizo, ina utaratibu. Asubuhi spindeli inazungushwa kwa kasi ndogo, kisha ya kati, kabla ya kazi, holda ikiwa ndani, vyuma hivyo viwili vipate joto pamoja. Holda zitakazotumika siku hiyo zinatolewa rafuni mapema na kuwekwa karibu na mashine. Kazi ndefu ikiisha, holda inaachiwa na kushikwa tena mara moja, papo hapo, kabla joto halijabadilika, hata kama kisu kile kitaendelea kutumika. Na jioni, hata mvua iwe inanyesha na daladala ya mwisho inaita abiria, hakuna holda inayolala kwenye spindeli. Tundu linafutwa, linapakwa, linafutwa tena, na linazibwa kwa kizibo cha plastiki.

Kwenye mashine ya mkono, kutoa holda ni kitendo cha mikono na kina adabu zake. Fundi anapandisha kwilo, yaani bomba linalobeba spindeli na kuishusha, mpaka juu na kuifunga. Anaweka kipande cha mbao mezani chini ya kisu. Anafunga breki ya spindeli, anaweka spana kwenye kichwa cha fimbo, analegeza mzunguko mmoja na nusu hivi, asizidishe. Wenye haraka hulegeza mpaka hesi moja tu ibaki, kisha wakagonga, na hesi hiyo inakatika au inakunjika. Yeye anaacha hesi nyingi zishikane ili pigo ligawanywe. Anachukua nyundo ndogo ya shaba, anashika holda kwa mkono wa kushoto akiwa na tambara, na anagonga kichwa cha fimbo mara moja, wima. Pigo ni dogo, unaweza kulipokea kwenye kiganja chako. Holda inashuka milimita chache, tok, inatua mkononi. Anamalizia kulegeza kwa vidole.

Kila pigo kwenye fimbo linapita kwenye beringi za spindeli, na mipira midogo ya beringi, ikipigwa ikiwa imesimama, inaacha vishimo kwenye njia yake. Baadaye mashine inaanza kuimba sauti ambayo haikuwa nayo. Nyundo nzito inaitoa holda leo na kuiua beringi mwakani, na aliyepiga hatakumbuka. Ndiyo maana nyundo ya fundi huyu ni ndogo, na ndiyo maana kazi yake yote nyingine, matambara na bluu na spana ya kipimo, inafanywa ili nyundo hiyo itoshe.

Nilipokuwa pale walikuja vijana wawili kutoka karakana ya jirani. "Shikamoo, fundi." Aliitikia, nao wakamweleza: holda imenasa tangu juzi jioni, wamegonga, imekataa. Tulikwenda naye. Mashine yao ni ya kompyuta, ya ukubwa uleule. Aliwaomba kwanza waweke nyundo chini, kisha akauliza maswali. Mashine ilifanya kazi mchana kutwa. Holda ile ilitoka stoo, ikaingia kwenye spindeli iliyokuwa ya moto, ikafanya kazi robo saa, umeme ukakatika.

Hakugusa holda. Alikwenda kwenye kompresa akatazama geji, maana upepo mdogo unaweza kushindwa kuifungua fimbo na mtu akadhani mchongoko umenasa. Upepo ulitosha. Akabonyeza kitufe cha kuachia, akasikiliza. Vidole vilifunguka. Basi ni mchongoko. Akaagiza sufuria ya maji ya moto na barafu kutoka kwa muuza soda wa barabarani. Alikivua kisu kwanza, akapanga mbao na matambara mezani mpaka karibu na holda. Matambara yaliyochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa yalizungushwa kwenye pua ya spindeli, yakabadilishwa kila yalipopoa. Barafu ilifungwa kwenye mfuko wa plastiki na kushikiliwa kwenye mwili wa holda, chini ya kola. Mmoja wa vijana alitaja gesi ya kuchomelea. Fundi alitikisa kichwa: moto huo unalainisha chuma kilichotiwa ugumu na kuyeyusha grisi ya beringi, na hapa kinachotafutwa ni maikroni 10 tu, ambazo tofauti ya digrii 20 inazitoa.

Alibonyeza kitufe. Kimya. Akabadilisha matambara, akaongeza barafu, akavuta kigoda akakaa. Vijana walikuwa wakienda na kurudi mlangoni. Akabonyeza tena, kimya tena, naye akabadilisha matambara kana kwamba hilo lilikuwa ndilo jibu alilolitarajia. Sikumwona akitazama saa. Mara ya nne au ya tano mlio ulisikika, mkavu, mfupi, na holda ikalala kwenye mbao.

Aliiokota na kuigeuza. Kwenye upande mwembamba kulikuwa na pete ya kahawia, na chuma cha mahali hapo kimeng'aa kwa kusagana, wakati upande mnene ulikuwa na rangi yake ya zamani, haukuguswa. Aliuliza ni nani aliyekaza kichwa cha kuvutia na kwa spana gani. Walimwonyesha spana, ina bomba lililochomekwa kwenye mpini kuongeza urefu. Hakumsema mtu. Alifungua kichwa, akasafisha hesi, akatuma kijana wake akalete spana ya kipimo na rangi ya bluu. Baada ya kukikaza upya kwa kipimo, bluu bado ilikaa mkiani. Chuma kilikuwa kimevimba na hakikurudi. Aliweka alama ya msalaba kwa chaki kwenye kola ya holda ile na kuiweka kando, akawaeleza kuwa holda moja iliyoharibika inaiharibu spindeli, na spindeli iliyoharibika inaziharibu holda zote. Kisha akaomba aletewe zilizobaki stoo. Zilikuja kumi na mbili kwenye sanduku la mbao, na zote vichwa vyake vilikuwa vimekazwa kwa bomba lilelile. Alivifungua kimoja kimoja. Tatu zilikwenda kando na ile ya kwanza, tisa zikapita kwenye bluu, na tisa hizo akawafanya vijana wenyewe wazikaze, mmoja akikaza na mwenzake akisikiliza mlio wa spana.